Gofu, Hame na Jengo Tupu: Historia ya Kufufua Majengo ya Kale na Funzo Lake kwa Kajiado na Kitengela

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: jengo la kale lililo katikati ya mji likiisha kuachwa tupu, ni nini hasa kinachozuia lisitumike tena? Jibu la haraka ni fedha. Wahandisi hutaja nyufa, wahasibu hutaja gharama, na wenye magazeti hutaja uzembe wa serikali. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Tutajaribu kuonyesha kwamba historia ya majengo ya namna hii katika Kenya na Zanzibar inadai mambo matatu yatendwe, kila moja kwa wakati wake: kumpata mwenye jengo, kulitengeneza jengo lenyewe, na kulirudishia kazi. Kiswahili kina maneno yanayotenga mambo hayo matatu. Mipango mingi imeyachanganya, na hapo ndipo ilipokwama.

Macho yetu tumeyaelekeza Kajiado na Kitengela, kusini ya Nairobi. Huenda msomaji akastaajabu, kwa kuwa mtu anapotaja majengo ya kale katika Afrika Mashariki, fikira hukimbilia Lamu, Mombasa na Unguja. Lakini miji ya pwani imekwisha kupata sheria, mamlaka na wafadhili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Miji ya bara iliyozaliwa na reli pamoja na utawala wa kikoloni imefikia umri wa miaka mia moja hivi karibuni tu. Majengo yake ya kwanza yamezeeka, na lugha ya kuyazungumzia bado haijakomaa. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya katika jarida la lugha wala si katika jarida la uhandisi.

MANENO YA KUACHWA

Kiswahili ni tajiri wa maneno yanayohusu mahali palipoachwa. Kuna gofu, yaani jengo lililobomoka likabaki kuta. Na kwa upana wa maana, hata mtu aliyekondeana huitwa gofu la mtu. Kuna hame, na wingi wake mahame, ambalo chanzo chake ki wazi katika kitenzi hama: hapa linalotazamwa si ukuta bali ni watu waliokuwapo wakaondoka. Kuna ganjo, mahali palipokuwa na mji au maskani zamani. Kuna na tongo, neno linaloelekea zaidi kwenye kiwanja cha makazi ya zamani kuliko kwenye jengo. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ingawa mara nyingi moja hufafanuliwa kwa jingine kana kwamba hayana tofauti.

Tofauti ipo, nayo ina maana kwa mada yetu. Gofu ni hali ya kitu. Hame ni matokeo ya tendo la watu. Nyumba yaweza kuwa hame kabla haijawa gofu: kuta zimesimama, paa halivuji, ila watu hawamo. Kinyume chake pia chawezekana, kwa maana wako watu wengi wanaoishi ndani ya magofu kwa kuwa hawana pa kwenda. Anayeliona gofu tu atatafuta fundi. Anayeliona hame atauliza kwanza: walihama kwa nini?

Washairi wa kale waliliuliza swali hilo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi na kuyatazama majumba ya Pate yaliyoachwa, shabaha yake haikuwa kuomba yajengwe upya. Magofu yalikuwa kwake mawaidha juu ya dunia inayopita. Mtazamo huo una uzito wake katika dini na fasihi, lakini umetuachia desturi ya kuliangalia jengo lililoachwa kama jambo lililokwisha kuhukumiwa, la kusikitikiwa tu. Hata Gedi, iliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, tunaitembelea ili kutafakari. Si mahali tunapotazamia kazi yoyote nyingine kufanyika, wala haidaiwi hivyo. Jengo lililo katikati ya mji ulio hai ni jambo jingine. Limezungukwa na bei ya kiwanja, kodi, vibanda na magari, wala mji hauwezi kulingojea liwe mawaidha.

HAME LA UMAASAINI

Jina Kajiado lenyewe limetoka katika Kimaa, lugha ya Wamaasai, ambamo Olkejuado ni mto mrefu. Kabla ya kuwapo mji, nchi hii ilikuwa na namna yake ya kujenga na ya kuacha. Nyumba ya Kimaasai hujengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, na nyumba kadhaa pamoja na zizi hufanya enkang, yaani boma la ukoo au la jamaa. Neno manyatta, ambalo Kiswahili na Kiingereza cha Kenya vimelieneza kwa kila boma, katika Kimaa ni la kijiji cha morani.

Boma likihamwa haliachi gofu. Fito huoza, udongo hurudi ardhini, na samadi iliyorundikana zizini huirutubisha nchi hata nyasi nzuri zikaota mahali hapo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu maboma ya wafugaji wa kale katika Narok umeonyesha kwamba rutuba hiyo bado inatambulikana baada ya zaidi ya miaka 1,500. Kwa mfugaji, basi, hame si hasara. Hame ni malisho ya kesho. Kuhama ni sehemu ya kujenga.

Jengo la mawe halina tabia hiyo. Likiachwa halirutubishi kitu, huzuia tu. Nalo huja pamoja na jambo ambalo boma la kale halikulihitaji, nalo ni hati. Mikataba ya mwaka 1904 na mwaka 1911 iliwaondoa Wamaasai katika sehemu kubwa ya nchi yao, na ule wa pili ukawakusanya katika hifadhi ya kusini, ambayo Kajiado ni sehemu yake. Wakati huo huo Kampuni ya Magadi Soda, iliyoundwa mwaka 1911, ilikuwa ikishughulikia reli kutoka Konza kwenda ziwa Magadi, na Kajiado ikawa stesheni njiani. Hivyo mji ulianza kwa vitu viwili vya kigeni kwa wenyeji wake: reli iliyochukua magadi kuipeleka nje, na ofisi ya serikali iliyoamua nani akae wapi.

Kitengela ni mtoto wa juzi. Sheria ya mwaka 1968 iliyounda ranchi za pamoja iliiweka ardhi mikononi mwa vikundi. Kisha ranchi hizo zikaanza kugawanywa, kila mtu akapewa hati yake, na ardhi ikawa kitu cha kuuzwa. Mwaka 1990 mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje iliundwa, na viwanda vikajengwa Athi River, jirani kabisa na Kitengela. Wafanyakazi walihitaji vyumba. Palipokuwa na nyumbu na ng'ombe pakasimama ghorofa. Mji wa namna hii hauna muda wa kutazama nyuma, na yamkini ndiyo sababu hauoni haja ya kuhifadhi chochote. Hata hivyo, jengo kubwa la kale lililo karibu nao limekwisha kufa na kufufuka mbele ya macho yake.

KIWANDA KILICHOFUNGWA NA KUFUNGULIWA

Tume ya Nyama ya Kenya iliundwa mwaka 1950, na makao yake yakawa kiwanda cha Athi River. Kwa miaka mingi kiwanda hiki kilikuwa mlango wa ng'ombe wa wafugaji kuingia katika soko la dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa kwa sababu ya madeni na uendeshaji mbaya. Majengo yakabaki, mitambo ikakaa bure, na mfugaji wa Kajiado akalazimika kuuza ng'ombe wake kwa madalali. Mwaka 2006 kiwanda kikafunguliwa tena. Katika ukame wa mwaka 2009 serikali ilikitumia kununua ng'ombe waliokuwa wakidhoofika, na mwaka 2020 usimamizi wake ukahamishiwa Wizara ya Ulinzi.

Kiwanda hiki si jumba la katikati ya mji, wala hakuna aliyekiita turathi. Hata hivyo kina funzo. Kilifufuka kwa sababu kazi yake haikufa. Ng'ombe walikuwapo, wafugaji walikuwapo, na walaji walikuwapo; kilichokosekana ni mwendeshaji. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, kiwanda kilikuwa hame lakini hakikuwa ganjo, maana waliohama walikuwa wakingoja mlangoni. Majengo mengi tunayotaka kuyafufua hayana bahati hiyo. Stesheni isiyopitiwa na abiria, au ofisi ya utawala ambao umekwisha ondoka, haiwezi kurudishiwa kazi ile ile. Lazima itafutiwe kazi nyingine, na hilo ni gumu kuliko kupaka rangi.

OFISI YA MKUU WA MKOA, NAIROBI

Msafiri anayekwenda Kajiado husoma kilomita katika mawe ya njiani. Umbali huo, kwa desturi ya wapimaji wa Kenya, huhesabiwa kutoka jengo moja la Nairobi lililo kwenye njia panda ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1913 kwa ajili ya idara ya mambo ya wenyeji, na baadaye likawa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Hapo ndipo vizazi, ndoa na vifo vilipoandikishwa, na Waingereza wakalipa jina la utani lenye vina linalotaja mambo hayo matatu. Ofisi ya mkoa ilipohama miaka ya 1980 na kazi zake kuingia katika ghorofa ya Nyayo House iliyo nyuma yake, jengo la mawe likabaki bila shughuli.

Yaliyofuata yafaa kuangaliwa kwa utaratibu. Kwanza, mwaka 1995 jengo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakapata mamlaka juu yake: hapo mwenyewe alipatikana. Pili, lilitengenezwa. Tatu, mwaka 2005 likafunguliwa kwa kazi mpya ya maonyesho ya sanaa. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu ilipita miaka kumi. Anayedhani kwamba tangazo katika gazeti rasmi la serikali hutosha kuokoa jengo, na aikumbuke miaka hiyo kumi. Na anayedhani kwamba miaka kumi ni mingi mno, na akumbuke kwamba pasipo tangazo hilo, kiwanja cha thamani kama kile, katikati ya mji mkuu, kingekuwa windo la kila mwenye mtaji.

Miongoni mwa vitu vinavyoonyeshwa humo mna mkusanyo wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, aliyeshika cheo hicho mwaka 1966. Murumbi alizaliwa mwaka 1911. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alikusanya vitabu, nyaraka, stempu, nguo na sanaa za Afrika kwa bidii isiyokuwa na mfano nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyo, kwa matarajio kwamba nyumba ile ingefanywa chuo cha taaluma za Kiafrika. Vitabu na nyaraka vilipata hifadhi katika Nyaraka za Taifa, ambazo zenyewe zimo katika jengo la zamani la Benki ya India. Nyumba haikupata. Iliachwa ikaharibika, kiwanja kikagawanywa, na mwisho ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka 1990.

Hapa pana kitendawili ambacho mwanahistoria hana budi kukitega. Nyumba iliyokuwa na shabaha nzuri kuliko zote ilipotea. Ofisi ya kikoloni ambayo hakuna aliyeipenda ilipona, na ikaja kuhifadhi mali ya mwenye nyumba iliyopotea. Sababu si kwamba moja ilikuwa imara kuliko nyingine. Nyumba ya Muthaiga ilipewa nia bila kupewa mlinzi. Ofisi ya mkoa ilipewa mlinzi kwa jina na kwa sheria, na mlinzi huyo akaitafutia nia. Nia njema isiyo na mwenyewe aliyetajwa haifiki mbali.

UNGUJA: JUMBA MOJA LILILOPONA NA JINGINE LILILOANGUKA

Ili kuupima ushahidi huu wa Nairobi, tuvuke kwenda Unguja, mahali ambapo kazi ya kutengeneza majumba ya kale imefanywa kwa muda mrefu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na serikali, wenyewe wakawa wamekimbia au wamenyang'anywa. Nyumba iliyokuwa ya familia moja ikagawanywa vyumba kwa familia nyingi. Nyingine zilikuwa wakfu, yaani zimefungwa zisiuzwe wala zisirithiwe ili pato lake litumike kwa heri. Lakini pato lilipopungua, na matengenezo yakapungua. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 ili kukabili hali hiyo.

Jumba la kwanza tunalolitaja ni Zahanati ya Zamani, iliyo mbele ya bahari. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama ya tajiri Tharia Topan, ambaye hakuishi kuliona likikamilika. Lilitumika kwa tiba. Kisha, katika miongo iliyofuata Mapinduzi, likaachwa na kuoza. Katika miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan uliingia mapatano na serikali, ukalitengeneza kwa kuwafunza mafundi kazi ya chokaa na ya mbao zilizochongwa, na likawa kituo cha utamaduni chenye nafasi za maonyesho, ofisi na maduka. Mambo matatu yote yalitimia: mkataba uliotaja nani ana haki gani, ufundi uliolingana na jengo, na kazi inayoleta angalau sehemu ya gharama.

Jumba la pili ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Liliokoka mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896, likawa makao ya serikali ya ulinzi wa Kiingereza tangu mwaka 1911, na baada ya Mapinduzi likatumiwa na chama na serikali, kisha likawa makumbusho. Hakuna jengo katika pwani yetu lililokuwa na jina kubwa kuliko hili, na mwenyewe alijulikana, naye ni serikali. Lakini mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, likafungwa, na likakaa miaka likingoja. Serikali ya Oman ilitoa fedha na kazi ikaanza. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakafa.

Kisa hiki hutuonya tusidhani kwamba umaarufu ni nguzo. Jumba la Ajaib lilikuwa na jina, lilikuwa na mwenyewe, na hatimaye likapata fedha. Lililokosa ni matunzo ya kila mwaka kabla ya fedha kuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, twasema. Lakini methali haimtaji mwenye zamu ya kuziba. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Mtu akiupaka saruji kwa haraka, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza kutoka moyoni. Ufundi wa chokaa, basi, si pambo la wapenda mambo ya kale. Ni namna jengo linavyopumua.

KURUDI KAJIADO: CHANGAMOTO ZILIVYO

Sasa tunaweza kurudi bara tukiwa na vipimo. Changamoto ya kwanza ni mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeigawa kazi hii sehemu mbili: kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa ziko chini ya serikali kuu, na makumbusho pamoja na shughuli za utamaduni ziko chini ya kaunti. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 ilitungwa kabla ya kaunti kuwapo. Swali linalozaliwa ni hili: jengo lenye umuhimu kwa Kajiado, lakini ambalo Nairobi haioni umuhimu wake, ni la nani? Mabaraza ya zamani, likiwamo Baraza la Kaunti la Olkejuado, yalikoma mwaka 2013, na mali zao zikatakiwa ziende kwa serikali mpya za kaunti. Majengo ya reli yana mwenyewe mwingine, na ya mikoa na wilaya mwingine. Jengo lenye wazazi wengi hulala njaa.

Uzito wa hati si jambo la kinadharia kwa watu wa eneo hili. Mwezi Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa katika eneo la Mavoko, ng'ambo tu ya Kitengela, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Watu waliokuwa wamenunua viwanja na kujenga walibaki na kifusi. Mahali ambapo nyumba mpya yaweza kuangushwa kwa sababu ya hati, nani atathubutu kutia fedha zake katika nyumba ya kale ambayo hati yake haijulikani iliko?

Changamoto ya pili ni ufundi. Kitengela ina jirani wengi wa viwanda vya saruji, na Kajiado huchimbwa mawe ya chokaa na marumaru. Mali ghafi ipo mlangoni, ila ufundi wa kuitumia chokaa kama chokaa uko Lamu na Unguja. Fundi wa Kitengela amefunzwa kupandisha ghorofa kwa mawe ya kuchonga na saruji, naye huifanya kazi hiyo vizuri. Lakini ukimkabidhi ukuta wa mwaka 1915 ataushughulikia kama ukuta wa mwaka huu. Vyuo vya ufundi vya kaunti vingeweza kuliondoa pengo hili kwa gharama ndogo kuliko bei ya ghorofa moja.

Changamoto ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa, ni kazi. Ni rahisi kusema kwamba kila jengo la kale lifanywe makumbusho. Mji mdogo hauwezi kulisha makumbusho matatu. Yafaa kazi itafutwe kwa kuangalia mahitaji yaliyopo: maktaba, kwa kuwa wanafunzi wengi wa Kitengela wanaishi katika vyumba visivyo na nafasi ya kusomea, ofisi ya ardhi yenye kuhifadhi nyaraka za ranchi za pamoja, soko la shanga na ngozi linaloendeshwa na wanawake, au chumba cha kurekodia masimulizi ya Kimaa kabla wazee hawajaondoka nayo. Kila moja ya kazi hizi ina watu wanaongoja mlangoni, kama walivyongoja wafugaji wa Athi River.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Kwa Mmaasai, ofisi ya zamani ya mkoloni ni mahali babu yake alipoambiwa kwamba nchi si yake tena. Kwa nini atoe kodi ili isimame? Hatuoni kwamba hoja hii inaweza kujibiwa kwa kusifu uzuri wa mawe. Jibu lake ni kwamba ushahidi wa dhuluma ukibomolewa, dhuluma yenyewe hubaki bila shahidi. Lakini uamuzi huo ni wa wenyeji, si wa wageni wapenda historia. Na kama wenyeji wakisema jengo fulani livunjwe ili pajengwe hospitali, hiyo nayo ni historia, mradi limepimwa, limepigwa picha na limeandikwa kwanza.

LUGHA YA MAAMUZI

Tulisema kwamba Kiswahili kina maneno ya kutenga mambo haya matatu. Kumilikisha ni kumpa mtu haki na wajibu. Kukarabati ni kutengeneza kilichoharibika. Kufufua ni kurudisha uhai, na kitenzi hiki, kilichohusu kwanza wafu, kimeenea hata tunafufua viwanda na vyama vya ushirika. Siku hizi limeongezeka uendelezaji upya, ambalo ni tafsiri ya ofisini. Huficha zaidi ya linavyoeleza, kwa kuwa mtu aweza kuliendeleza upya jengo kwa kulibomoa.

Hili si suala la mitindo ya maneno. Katiba inataka wananchi washirikishwe katika mipango, na Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo mipango ya miji huandikwa kwa Kiingereza, na katika baraza huelezwa kwa Kiswahili au Kimaa na ofisa anayetafsiri papo hapo. Akisema jengo litaendelezwa, wasikilizaji watapiga makofi bila kujua kama litasimama au litaanguka. Akilazimika kusema kama litakarabatiwa, au litafufuliwa kwa kazi gani, au litavunjwa, na ni nani atakayemilikishwa, mjadala utakuwa na mahali pa kushika.

TAMATI

Ushahidi tuliouangalia unaonyesha kwamba majengo yaliyopona ni yale yaliyopata mwenyewe wa kutajwa, fundi anayelijua jengo, na kazi inayohitajiwa na watu; likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayakutosha. Tunapendekeza mambo mawili yaliyo katika uwezo wa wasomaji wa jarida hili. Kwanza, wanafunzi wetu wa historia na isimu walio karibu na Kajiado waanze kuorodhesha majengo ya reli, ya utawala na ya maduka yaliyojengwa kabla ya uhuru: jina lake kwa Kimaa na Kiswahili, mwaka, mwenyewe, na kazi zilizofanyika humo. Orodha hiyo haihitaji mfadhili. Pili, watungaji wa kamusi waitenge upya maana ya gofu, hame, ganjo na tongo, na waingize istilahi za umiliki na ukarabati kwa fasili zinazoweza kutumika barazani na mahakamani.

Kajiado bado ina nafasi ambayo Muthaiga haikuitumia na ambayo Unguja ilikumbushwa kwa vifo. Majengo yake ni machache na wanaoyakumbuka wako hai. Waulizwe sasa.